Sikio la Mnyama: Mwongozo wa Kulipima Pambano la Pokémon

Mintarafu ya mapambano ya Pokémon, ambayo vijana wa mji wetu wa Mpanda, mkoani Katavi, huyajadili katika vibaraza vya Makanyagio na Majengo kwa hamasa ileile wanayoitumia kuwajadili Simba na Yanga, nilikuwa nimenyamaza kwa muda mrefu, nikidhani kwamba wakati wenyewe ungepepeta na kutenga chuya na mchele. Lakini imedhihirika kuwa wakati umefanya kinyume cha hayo, na kazi hafifu sasa inasifiwa hadharani kwa maneno ambayo zamani yaliwekwa akiba kwa kazi za mabingwa. Kilichonitoa kimyani ni kipande cha video kisichotimia dakika mbili, kilichokuwa kikipita kutoka simu hadi simu mbele ya banda moja la kuonyeshea filamu, nacho kilikuwa kimekatwa kutoka katika fainali ya Ligi ya Kalos ya mwaka 2016, Greninja wa mkufunzi Ash dhidi ya Charizard wa mpinzani wake Alain. Aliyekikata alikuwa ameondoa kila pumzi, kila kimya na kila jicho lililogeuka, akaacha milipuko peke yake, kisha akapachika juu yake midundo ya singeli, na kijana mmoja mwenye adabu zake njema akanielekezea simu, akasema, "Shikamoo mzee, cheki hii, ndiyo kali kuliko zote." Nikaitikia marahaba, nikatazama hadi mwisho, na ghadhabu niliyoondoka nayo sijaweza kuituliza ila kwa kalamu.

Ghadhabu hiyo simwelekezei kijana, ambaye alisifu alichopewa, bali naielekeza kwenye kipimo alichofundishwa, yaani kwamba pambano bora ni lile lenye mwanga mwingi zaidi. Mwanga ni kitu rahisi kuliko vyote katika sanaa hii, na ni hatari pia. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi cha 38 cha mfululizo wa kwanza wa katuni ya Pokémon kilipoonyeshwa nchini Japani, palikuwa na mmweko wa nyekundu na buluu uliopishana takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali kwa kifafa, kizunguzungu na kichefuchefu, hata mfululizo mzima ukasimamishwa kwa miezi minne. Mafundi waliorejea hewani mwezi wa Aprili 1998 walirejea wakiwa wamejifunza kuuogopa mwanga, nami nashikilia kwamba mapambano yao ya miaka iliyofuata yalipanda daraja kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa fundi aliyenyimwa mmweko hulazimika kutafuta kitu kingine cha kumshika mtazamaji.

Kitu hicho kingine ndicho nitakachokieleza kwa urefu, maana asiye mjuzi hukikosa daima, hata akitazama mara nyingi, hata akiwa anayakariri majina ya mashambulio yote na aina zote tangu moto na maji hadi mzimu na chuma. Ni ule mwanya ulio baina ya amri ya mkufunzi na tendo la mnyama. Ash anapaza sauti, "Pikachu, radi!" na radi inatoka, mtazamaji wa kawaida huisikia amri, akaiona radi, akadhani kwamba ameona yote. Lakini baina ya neno na radi pamepita kitambo, nusu sekunde au zaidi kidogo, na katika kitambo hicho mnyama amesikia, amepima, na ameamua kutii au kutotii; na yeyote asiyekitazama kitambo hicho ametazama matokeo ya pambano bila kuliona pambano lenyewe.

Katika bonde la Majimoto na Usevya, ambako Wasukuma waliohamia na mifugo yao wamelima kwa maksai miongo mingi sasa, mzee mmoja aliyekuwa akisifika kwa kuswaga alinifunza namna ya kumpima mwenzake wa kazi hiyo. Usitazame mfereji wa plau, alisema, kwa kuwa udongo mlaini humfanya mpumbavu aonekane fundi. Wala usiutazame mjeledi, kwa kuwa asiyeutumia huenda ni mpole na huenda ni mvivu tu. Tazama sikio la maksai wa mbele mara baada ya neno kutoka na kabla ya mguu kunyanyuka. Sikio likigeuka nyuma kumfuata msemaji, mnyama anasikiliza na ameridhia. Likilala bapa juu ya shingo, anaogopa, na siku woga utakapozidi atavunja nira. Na likikaa palepale bila kutikisika, basi anakwenda kwa mazoea tu, na shamba likiisha mahali asipopatarajia ataendelea kwenda mpaka porini. Tukasimama pembezoni mwa jaruba kutazama jozi iliyokuwa ikipita, na kweli, maksai wa kushoto, mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, alikuwa akigeuza sikio kabla ya kila hatua, ilhali wa kulia hakuligeuza hata mara moja. Na mzee akasema kwa yakini kamili kwamba yule wa kulia atauzwa kabla ya masika.

Sijapata kipimo kilicho sahihi kuliko hicho kwa mapambano ya Pokémon, na ninakipendekeza kwa kila mwenye kutaka kuhukumu kwa insafu. Zimisha sauti, mwache Pikachu katikati ya uwanja, na yatazame masikio yake marefu yenye ncha nyeusi. Katika kazi ya fundi, sikio moja hurudi nyuma kuelekea kwa Ash kabla vifuko vya mashavu havijaanza kutoa cheche, na hapo ndipo utakapojua kama uhusiano wao upo au umeandikwa tu. Katika kazi ya laghai masikio husimama kama yalivyosimama, radi ikatoka yenyewe, na uwanja ukajaa moshi wa kuficha kwamba hakuna aliyesikiliza.

Hapa sharti nizungumzie ubahili, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kila kimya ni kimya cha maana. Picha za filamu hupita 24 kwa sekunde, lakini vipindi vya televisheni vya Japani aghalabu huchorwa picha mpya moja kwa kila tatu, yaani nane tu kwa sekunde, na mahali ambapo fedha au siku hazitoshi, mchoro mmoja huachwa umeganda huku mistari ya kasi ikipita nyuma yake, au uso wa mkufunzi ukaonyeshwa ukiwa na mdomo tu unaochezacheza. Huo ni mwanya wa umaskini, nao si aibu, kwani kila karakana ina msimu wake wa njaa. Aibu ni ya mtazamaji anayeusifu kwa kudhani ni utulivu. Namna ya kuvitofautisha ni kutafuta uhai mdogo ndani ya kimya: kope iliyoshuka, ubavu unaopanda na kushuka, kucha zilizojikita mchangani, au jasho linalotiririka kwenye shavu la mkufunzi. Masaaki Iwane, ambaye ameuchorea mfululizo huu tangu zama zake za mwanzo na ambaye mara kadhaa amechora picha kuu za kipindi kizima peke yake, hutambulika kwangu kwa jambo hili kabla ya jina lake kupita mwishoni: wanyama wake wana uzito. Kabla ya kuruka huinama, na baada ya kutua hutafuta mizani. Kwa hiyo hata anapokosa nafasi ya kuchora mengi, kile alichokichora kinajua ardhi iko wapi.

Uzito huo, nisemeje, watu wa Katavi tuna hoja ya kuudai kuliko wengine. Yeyote aliyesimama Ikuu, katika Hifadhi ya Katavi, wakati wa kiangazi, maji ya mto Katuma yakiwa yamebaki madimbwi na viboko wamerundikana humo kwa mamia, amejionea kwamba madume mawili hayaanzi kwa kugongana. Hufumbua vinywa, hupimana, hurusha maji na kinyesi, moja hurudi nyuma hatua mbili, kisha husogea tena, na mara nyingi shauri hukatika kabla ya jino kugusa ngozi. Lau mtu angekata kila kitisho akabakiza mgongano, asingebakiwa na kiboko hata mmoja. Kwa hiyo pambano lisilo na vitisho vya mwanzo nalihesabu kuwa pungufu, na silazimiki kutoa sababu nyingine.

Kuna kanuni nyingine ndogondogo ambazo mjuzi huzijua bila kuelezwa, nami nitazipitia kwa haraka. Pambano la mvua ni bora kuliko la jua kali, na la jua kali ni bora kuliko la usiku. Jimu yenye sakafu ya udongo huzaa mapambano bora kuliko jimu yenye mitambo. Mkufunzi anayeeleza mbinu yake kwa sauti wakati anaitekeleza amepoteza nusu ya ushindi, hata akishinda. Mnyama asiye na jeraha katika pambano la tatu la siku moja si mnyama wa kuaminiwa. Na Ikue Otani, ambaye kwa sauti yake pekee na kwa jina moja tu lisilozidi silabi tatu amemfanya Pikachu asihi, akatae, acheke na aombe radhi tangu mwaka 1997, hata katika nchi ambazo wahusika wengine hutafsiriwa, ndiye kipimo cha sauti. Ukimsikia mahali popote akilia sawasawa katika furaha na katika maumivu, ujue kosa ni la mwandishi, si lake.

Kuhusu sheria za aina, ambazo huwagombanisha vijana hadi kuikimbia chai, nina maneno machache. Wanaokasirika kwamba Pikachu alimlemea Onix wa Brock, jiwe lisiloshikika na umeme, husahau kwamba maji ya kuzimia moto yalimwagika kutoka darini na jiwe likalowa. Na wanaocheka kwamba alimshinda Rhydon wa Blaine kwa kuilenga pembe wana haki zaidi, kwa kuwa pale sheria ilivunjwa na aliyeivunja hakulipa chochote. Sheria yaweza kuvunjwa maadamu mnyama analipa kwa mwili wake. Ila katika pambano la Onix kuna jambo kubwa kuliko sheria, nalo ni kwamba Ash, akiwa na ushindi mkononi, aliwaona wadogo zake Brock wamemshika wasipende kaka yao aumizwe, akaizuia amri iliyokuwa imefika mdomoni. Na Pikachu, aliyekuwa tayari, akangoja. Hicho ni kipindi cha tano tu, na tayari mwanya umefanywa kuwa kiini cha hadithi. Takeshi Shudo, aliyekuwa msimamizi wa waandishi wakati ule na aliyefariki mwaka 2010, alilijua hili kuliko wote waliomfuata. Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1998, ile ya Mewtwo, aliandika pambano ambamo Pikachu anapigwa makofi na nakala yake mwenyewe, kofi baada ya kofi, wala harudishi, na hapo mwanya umepanuliwa mpaka tendo lenyewe limekataa kuja. Vijana huliruka pambano hilo. Mimi naliweka juu ya yote yaliyowahi kuchorwa.

Kutokana na hayo msomaji atakuwa ameona kwamba siyatenganishi mapambano na makuzi ya wahusika, kama wafanyavyo wabishi wa vibarazani ambao siku moja huulizana nani ana nguvu na siku ya pili huulizana nani amekua. Kukua hakuonekani mahali pengine ila katika mwanya ule. Kubadilika umbo si kukua; Pikachu alipewa jiwe la radi ili awe sawa na Raichu wa Luteni Surge, akalisukuma kwa mkia, na hajawahi kuwa Raichu, naye ndiye aliyekua kuliko wote. Wala beji si ushahidi, kwa sababu beji kadhaa za mwanzo za Ash alipewa kwa huruma au kwa shukrani. Ushahidi ni sikio.

Mfano wa Charizard wa Ash wautosha umma kama utasomwa kwa utaratibu wake. Alianza akiwa Charmander juu ya jiwe, mvuani, akimngoja Damian aliyemdanganya kwamba angerudi, amejifunika jani ili moto wa mkia usizimike. Yaani mnyama aliyefundishwa tangu utoto kwamba kutii ni kuachwa. Ash anamwokoa, na kwa muda mwanya wao ni mfupi na mtamu. Kisha anakuwa Charmeleon, mwanya unarefuka, amri inafika sikioni na kubaki huko. Anakuwa Charizard, na mwanya unakuwa dharau ya wazi, mpaka siku ya Ligi ya Indigo, mbele ya mkufunzi Ritchie, baada ya kumshinda mpinzani mmoja, anapomwona Pikachu mdogo wa Ritchie, anajinyoosha uwanjani na kulala, na Ash anapoteza ligi kwa mnyama mwenye nguvu kuliko wote uwanjani. Wapo wanaolilaani pambano hilo kwa kuwa halikuwa na mapigano. Nami nasema halijapata kutokea jambo la kweli zaidi katika mfululizo huo, kwa sababu deni la kuachwa lililipwa mahali palepale ambapo lingeuma zaidi. Baadaye, katika Visiwa vya Machungwa, mwaka 1999, Charizard anagandishwa na barafu ya Poliwrath, na Ash anamsugua usiku kucha kwa mikono iliyochubuka ili ule moto wa mkia usife. Asubuhi, amri ya kwanza inatolewa. Tazama jicho lake kabla hajaruka: linashuka, linamtafuta mkufunzi wake, linampata, na ndipo mabawa yanafunguka. Mabawa hayo huwaliza watu, na ni haki yao, lakini fundi aliyelichora jicho lile alikuwa amekwisha kumaliza kazi yote kabla bawa moja halijatikisika.

Kadhalika Chimchar. Paul, mkufunzi asiye na hasira wala huruma, aliyehesabu nguvu kama mfanyabiashara ahesabuvyo magunia, alimchagua kwa ajili ya moto mkali uliompata siku moja alipokabiliwa na kundi la Zangoose, na akamtesa kwa mazoezi ili moto huo urudi. Siku ya mashindano ya wawiliwawili mjini Hearthome, Ash na Paul wakiwa upande mmoja, Chimchar anamwona Zangoose mwingine, kumbukumbu inamshika, na anaganda. Na Paul, badala ya kumtia moyo, anaacha kutoa amri kabisa, hata Ash analazimika kuwaongoza wanyama wote wawili. Mwanya bila amri! Sijui kama mtazamaji wa vipande amewahi kuona kitu hicho, na kama alikiona alikidhani ni kasoro. Jioni Paul anamfukuza, Ash anamchukua, na miaka inapita hadi Ligi ya Sinnoh, mwaka 2010, ambapo kwa muda wa vipindi vitatu wakufunzi hao wanapigana sita kwa sita, na Infernape, ambaye ndiye Chimchar yule, anasimama mbele ya Electivire wa Paul. Anaanguka. Moto wa zamani unaamka ndani yake, ule ambao hapo awali ulikuwa ukimfanya asimjue hata rafiki. Lakini safari hii anaugeukia, anaushika, na kabla ya kuutumia anasikiliza. Hilo ndilo pambano lililo karibu zaidi na ukamilifu katika mfululizo mzima wa televisheni, na asiyekubali hana budi kulitazama tena tangu Hearthome, si tangu dakika za mwisho.

Sasa nirudi kwa Greninja wa kile kipande cha video, nitoe hukumu. Sifa za fainali ya Kalos ni za kweli katika mambo ya uchoraji: mikono iliyochora ilikuwa mahiri, kamera inazunguka kwa ustadi, na maji mgongoni mwa Greninja yameshikwa vizuri. Kosa lake liko katika asili ya jambo lenyewe. Greninja na Ash wamefungamana hata wanaona kwa jicho moja na kuumia kwa jeraha moja. Greninja akipigwa mkono, Ash anashika mkono wake. Wengi huliona hilo kuwa kilele cha uhusiano, ilhali kwa hakika ni mwisho wake, kwani pasipo na wawili hapana wa kuamuru wala wa kuridhia, na mwanya ukifungwa kabisa hakuna tena mahali pa kuaminiana. Aliyeuchora hana pa kuweka sikio. Kwa sababu hiyo Charizard wa Alain, aliyepigana kwa utiifu wa kawaida na mwanya wa kawaida, ndiye aliyenivutia zaidi, naye alistahili kushinda. Hasira za mwaka ule, za watu waliodai Ash ameibiwa, sikuzishiriki.

Baada ya mchoraji, mwingine awezaye kuwa laghai ni mtafsiri. Sanaa ya kuitafsiri filamu kwa sauti mbele ya hadhira, ambayo Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliijengea heshima kubwa jijini Dar es Salaam, ilienea hadi mabanda ya bara, na Mpanda nasi tulipata wetu. Palikuwa na mmoja, Majengo, ambaye simtaji jina kwa kuwa angali hai na hakuniomba nimtangaze, aliyekuwa akisema kwa kasi ya mvua mpaka amri inapotoka, hapo hunyamaza. Banda lote, na watoto waliobanana juu ya mabenchi ya mbao, lilinyamaza naye mpaka mnyama atende, na ndipo sauti yake iliporejea ikiwa imeshuka daraja moja. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa mchungaji utotoni. Mwingine, aliyemrithi baada ya banda kuuzwa, alikuwa na sauti nzuri zaidi na alipendwa zaidi, lakini aliuogopa ukimya, akaujaza mzaha, akampa kila Pokémon maneno ya kutukana mpinzani, na siku alipofika kwenye kisa cha Charizard kulala uwanjani, akasema kwamba mnyama amelewa. Watoto walicheka mno. Kizazi kizima cha Mpanda kinaamini hadi leo kwamba Ash alipoteza Ligi ya Indigo kwa sababu ya ulevi.

Zama zile, wakati umeme wa mji ulipotoka kwenye mitambo ya dizeli na treni ya Tabora ndiyo iliyoleta DVD za kubana, filamu nyingi katika sahani moja, tulivitazama vipindi kwa mpangilio waliouchagua wengine, tena mara nyingi pungufu, lakini kila kimoja kilikuwa kizima. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuruka mbele. Mtu alikaa na kimya kama alivyokaa na mapigo, na vichoro vya mikono vya miaka ya 1990, vilivyopakwa rangi juu ya plastiki angavu, vilikuwa na mtikisiko mdogo wa mstari ambao kompyuta imeufuta tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtikisiko huo uliyafanya hata masikio yaliyotulia yaonekane yanapumua. Leo kijana huingia katika duka la kuwekea filamu, hutoa flashi yake, huomba "mapambano tu," na muuzaji, ambaye amekwisha kuwapanga Ash na Goku wa Dragon Ball katika folda moja, humjazia.

Katika mfululizo wa Safari (Journeys), ulioanza mwaka 2019, nao waandishi wenyewe waliingia katika ugonjwa huu wa kuruka mbele kwa mlango wa mhusika Goh, anayerusha mpira na kunasa Pokémon bila pambano, mmoja baada ya mwingine, hata majina yao hayakumbukwi. Satoshi Tajiri, aliyeiasisi michezo ya Pokémon na ambaye Ash amebeba jina lake kule Japani, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu viungani mwa Tokyo, na kila aliyewahi kuwinda mdudu anajua kwamba raha yote iko katika kungoja. Hata hivyo sitawanyima haki yao kwa pambano la fainali la Ash na mpinzani wake Leon, la Novemba 2022. Pale Pikachu anapokaribia kuanguka, na katika kitambo hicho cha mwisho Pokémon waliowahi kusafiri na Ash wanamtokea kama ndoto, waandishi waliutanua mwanya mpaka ukabeba miaka 25. Ni hila, naam, na ingekuwa batili mikononi mwa mfululizo mchanga. Lakini ililipiwa mapema, tangu siku ile ya kwanza ambapo Pikachu aliyekataa kuingia kwenye mpira, na aliyekuwa hajatii hata neno moja, aliruka mbele ya kundi la Spearow kumkinga mvulana aliyemjua kwa nusu siku.

Kwa anayetaka kulizoesha jicho lake, naagiza mpangilio huu na si mwingine: kwanza kipindi cha kwanza kabisa, kisha Charmander mvuani, kisha Butterfree anapoachwa aende zake, ingawa hakuna pambano humo, kwa sababu ndipo utakapojifunza sura ya mnyama anayegeuka nyuma, kisha Ritchie, Poliwrath, Hearthome na Sinnoh kwa mfuatano. Vitazamwe kwa siku mbalimbali, tena mchana.

Baada ya hapo mtu aweza kuingia mfululizo wa Horizons, ulioanza Aprili 2023 pasipo Ash, nao niliukaribia kwa shaka. Mkufunzi wake mpya, Liko, hajui Sprigatito wake anataka nini. Anatoa amri, na paka yule wa majani anamtazama, anatazama pembeni, anajilamba, kisha anafanya jambo lingine kabisa. Wabishi wa Makanyagio walisema msichana huyo ni dhaifu na mapambano yake yanachosha. Mimi nilivitazama vipindi hivyo vya mwanzo nikiwa nimezimisha sauti, na katika kila amri paka alichelewa kwa namna tofauti, mara kwa uvivu, mara kwa woga, mara kwa udadisi, mpaka siku aliyochelewa kwa sababu alikuwa akimngoja Liko amalize kusema.